Goti la kijana likiuma usiku, usiusingizie mpira

Wazazi wanaoleta watoto wenye goti lililovimba huanza maelezo yao karibu kwa namna moja: "Daktari, aligongwa na mwenzake wakicheza mpira." Au alianguka kwenye ngazi, au aliruka mtaro akitoka shule. Tangu siku hiyo mguu ukaanza kuuma. Wakaukanda kwa maji ya moto, wakanunua dawa ya maumivu duka la dawa, bibi akamtafuta mtu wa kumchua. Uvimbe ukatulia kidogo, kisha ukarudi. Mwezi ukapita, na wa pili.

Mara nyingi maelezo hayo ni sahihi na tatizo ni dogo. Watoto huanguka, goti huvimba, na baada ya wiki moja au mbili mtoto anarudi uwanjani. Lakini wachache kati yao wana kitu kingine kabisa ndani ya mfupa, na teke la mpira limefanya kazi moja tu, kuwafanya watu waliangalie lile goti. Makala haya ni kwa ajili ya wachache hao. Kwao, wiki zinazopotea ndizo zinazoamua kama mguu utabaki, na wakati mwingine kama mtoto mwenyewe atabaki.

Ili mzazi aelewe kwa nini tatizo hili hupenda goti, na kwa nini hupenda umri wa kubalehe, tuanze na mfupa wenyewe.

Mfupa ni kiungo hai

Wengi tunaufikiria mfupa kama kijiti kikavu kwa sababu mifupa tunayoiona ni ya buchani au iliyobaki kwenye sahani. Mfupa ulio ndani ya mtu ni kiungo hai kama ini au moyo. Una mishipa ya damu, una mishipa ya fahamu, na una seli zinazozaliwa na kufa kila siku. Ndiyo maana ukivunjika unavuja damu, unauma, na baada ya wiki kadhaa unaunga.

Fundi ujenzi ataelewa umbile lake haraka kuliko wengine. Zege peke yake hubeba uzito lakini likivutwa au kupindwa hupasuka. Nondo peke yake hupinda. Ukiziweka pamoja unapata nguzo inayobeba ghorofa. Mfupa umejengwa vivyo hivyo. Nondo zake ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na zege lake ni madini ya kalsiamu na fosfeti. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, chukua mfupa mwembamba wa kuku, uuloweke kwenye siki kwa siku kadhaa. Siki itayeyusha madini, zitabaki nyuzi, na mfupa utapinda bila kukatika. Chukua mwingine uuchome kwenye makaa: nyuzi zitaungua, yatabaki madini, na mfupa utamomonyoka ukiubonyeza.

Nje kabisa mfupa umefunikwa na utando mwembamba wenye mishipa mingi ya fahamu. Aliyewahi kujigonga muundi kwenye stuli anaujua utando huo. Chini yake kuna tabaka gumu, kisha sehemu yenye vitundu kama sifongo, na katikati kuna uloto ambao ndio kiwanda cha damu. Mfupa pia ni ghala: karibu asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili imehifadhiwa humo.

Ndani ya jengo hili kuna mafundi wa aina mbili wasiolala. Wa kwanza ni seli zinazojenga mfupa mpya. Wa pili ni seli zinazobomoa mfupa wa zamani. Kwa mtu mzima, karibu sehemu moja ya kumi ya mfupa wote wa mwili hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka. Wajenzi na wabomoaji wakienda sawa, mfupa unabaki imara. Magonjwa mengi ya mifupa, saratani ikiwemo, huvuruga makubaliano ya makundi haya mawili.

Mtoto anarefukia wapi?

Mtoto akiwa tumboni, sehemu kubwa ya mifupa yake huanza kama gegedu, ile sehemu nyeupe, laini na ngumu kidogo unayoitafuna kwenye ncha ya mfupa wa kuku mdogo. Kuanzia mwezi wa pili wa mimba, gegedu huanza kugeuka mfupa hatua kwa hatua. Mtoto huzaliwa akiwa na vipande vya mifupa vinavyokaribia 300. Vingi huungana kadiri anavyokua, hadi mtu mzima anabaki na mifupa 206.

Karibu na kila ncha ya mfupa mrefu hubaki ukanda mwembamba wa gegedu. Huu ndio ukanda wa ukuaji. Seli zake hugawanyika, hujipanga safu, kisha hugeuzwa kuwa mfupa, na ncha inasukumwa mbele. Katika picha ya eksirei ukanda huu huonekana kama mstari mweusi, na wazazi wengine hudhani mfupa wa mtoto umepasuka. Wasichana wengi hufunga kanda hizi wakiwa na miaka 14 hadi 16, na wavulana 16 hadi 18. Zikishafunga, kimo kimefika mwisho.

Kanda hizi hazigawani kazi sawa. Kwa mguu, karibu theluthi mbili ya urefu wote huongezwa na kanda mbili zinazozunguka goti, yaani ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya muundi. Kwa mkono wa juu, karibu asilimia 80 ya urefu huongezwa upande wa bega. Kijana anapobalehe, kazi hiyo huongezeka kasi. Mama hununua suruali ya shule mwezi Januari, na Juni imeshapanda juu ya kifundo cha mguu.

Sasa tazama mahali ambapo saratani kuu ya mifupa kwa vijana, iitwayo osteosakoma, hupenda kuanzia: ncha ya chini ya mfupa wa paja, ncha ya juu ya muundi, na ncha ya juu ya mfupa wa mkono karibu na bega. Umri wake ni kati ya miaka 10 na 20. Ni sehemu zilezile na umri uleule. Pale ambapo seli zinagawanyika kwa wingi na kwa haraka, ndipo penye nafasi kubwa ya seli moja kukosea katika kunakili maelekezo yake, ikaanza kujijenga bila kusikiliza amri.

Hivyo saratani hii hailetwi na mpira, kulogwa, wala chakula alichopika mama. Kuna watoto wachache wenye uwezekano mkubwa zaidi kwa sababu ya hitilafu za kurithi, na wapo wanaoipata baada ya kutibiwa kwa mionzi wakiwa wadogo. Walio wengi hawana sababu yoyote inayoweza kumlaumu mtu.

Si kila uvimbe ni saratani

Kabla hofu haijatanda, mzazi aelewe kwamba uvimbe mwingi unaoota kwenye mifupa ya watoto si saratani.

Unaoonekana zaidi ni kinundu kigumu chenye kofia ya gegedu, kiitwacho osteokondroma. Huota karibu na goti au bega, hakiumi, na hukua pamoja na mtoto. Mtoto akiacha kurefuka, nacho huacha kukua. Wengi huishi nacho bila kuhitaji upasuaji. Kinachotakiwa ni kukijua na kukifuatilia, kwa sababu kinundu kinachoanza kukua au kuuma baada ya mtu kukomaa lazima kichunguzwe upya.

Kuna mifuko ya maji ndani ya mfupa, ambayo mara nyingi hugundulika mtoto anapovunjika mkono kwa kuanguka kidogo tu. Kuna kiuvimbe kidogo kinachouma sana usiku lakini kikitulia haraka kwa dawa za maumivu, na kinachoweza kutibiwa kikaisha kabisa. Kuna pia uvimbe wa seli kubwa, unaowapata zaidi watu wa miaka 20 hadi 40, tena karibu na goti. Huu kwa kawaida si saratani, lakini hula mfupa na hurudi usipoondolewa vizuri.

Hapa kwetu tuna mengine ya kufikiria. Mtoto mwenye selimundu anaweza kupata maumivu makali ya mifupa na hata usaha ndani yake. Kifua kikuu huweza kuingia kwenye uti wa mgongo au kwenye kiungo, kikaleta uvimbe wa polepole. Maambukizi ya bakteria huja na homa na maumivu ya ghafla. Haya yote yana tiba, lakini tiba zake hazifanani hata kidogo, na mkono wa kupapasa peke yake hauwezi kuyatenganisha.

Uvimbe wa taya kwa watoto wadogo una historia inayotuhusu moja kwa moja. Mwaka 1957, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, akiwa hospitali ya Mulago jijini Kampala, aliona watoto wenye taya zilizovimba pande zaidi ya moja, na mwaka uliofuata akaandika kuhusu ugonjwa ambao sasa unaitwa kwa jina lake. Burkitt ni saratani ya tezi za limfu inayoingia kwenye taya, si saratani ya mfupa. Inakua haraka mno, na meno hulegea. Wengine hung'olewa jino moja baada ya jingine wakidhaniwa wana meno mabovu. Lakini ikiwahiwa huitikia dawa vizuri, bila kisu. Mtoto mdogo ambaye meno yanalegea na taya linavimba kwa siku chache apelekwe hospitali wiki hiyohiyo.

Kwa watu wazima picha ni tofauti. Mtu wa miaka 55 mwenye uvimbe wa saratani kwenye mfupa, mara nyingi saratani hiyo imetoka sehemu nyingine: titi, tezi dume, pafu, figo au tezi ya shingo. Mzee anayepata maumivu mapya ya mgongo yasiyotulia akilala asiambiwe tu kuwa ni uzee.

Kijana wa Canada na msimu wa kikapu

Osteosakoma ni ugonjwa wa nadra, na ndiyo sababu watu hawaufikirii. Mmoja wa wagonjwa wake wanaojulikana zaidi duniani ni Terry Fox wa Canada. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu na mchezaji wa mpira wa kikapu. Novemba 1976 alipata ajali ya gari, akaumia goti la kulia. Mwezi uliofuata goti likaanza kuuma tena. Akavumilia hadi msimu wa kikapu uishe. Machi 1977 maumivu yakamzidi, akaenda hospitali, akakutwa na osteosakoma. Alikuwa na miaka 18. Mguu wake ulikatwa juu ya goti.

Yeye mwenyewe aliamini ajali ile ilichangia. Madaktari wake walimwambia hakuna uhusiano. Lakini ona jinsi ajali ilivyompa maelezo ya kutosha ya kumfanya asubiri. Ndivyo mpira unavyofanya kwa watoto wetu.

Madaktari walimwambia pia kwamba kwa dawa mpya za wakati ule ana nafasi ya kupona ya asilimia 50, ilhali miaka miwili tu nyuma ingekuwa asilimia 15. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kukimbia kuvuka Canada kwa mguu wa bandia, akichangisha fedha za utafiti wa saratani. Alikimbia siku 143 na kilomita 5,373 hadi saratani iliporudi, safari hii mapafuni. Alifariki Juni 1981 akiwa na miaka 22.

Mapafu ndiko saratani hii inakopenda kwenda. Seli zake hupita kwenye damu, na kituo chake cha kwanza ni kifua. Jambo hili tutalirudia tukifika kwenye tiba.

Ipo saratani nyingine ya mifupa ya watoto iitwayo sakoma ya Ewing. Huleta homa na uvimbe wa moto, ikafanana na usaha wa mfupa. Kwa watu wenye asili ya Afrika hutokea mara chache sana, lakini daktari hawezi kuisahau.

Maumivu gani yanatia shaka?

Watoto wengi hulalamika miguu, na mzazi hawezi kukimbilia hospitali kila jioni. Tofauti zifuatazo zinasaidia.

Maumivu ya kawaida ya ukuaji huwapata watoto wa miaka 3 hadi 12. Huwa miguu yote miwili, huja jioni au usiku, na asubuhi mtoto anaruka kama hakuna kilichotokea. Hakuna uvimbe, hachechemei, na ukimsugua kidogo anatulia. Kijana mwanamichezo anaweza kuwa na kinundu kinachouma chini kidogo ya kifuniko cha goti. Huuma akiruka au akipiga magoti, na hutulia akipumzika.

Maumivu ya kutilia shaka yana tabia nyingine:

Yako upande mmoja na mahali pamoja, na mtoto anakuonyesha palepale kila siku.

Yanaongezeka wiki hadi wiki badala ya kupungua.

Yanamwamsha usiku, au yapo hata akiwa amelala tu bila kutumia mguu.

Yanafuatana na uvimbe, hasa mgumu ulioshikamana na mfupa, au na joto na mishipa inayoonekana juu ya ngozi.

Anachechemea, au goti halikunji na kunyooka kama la pili.

Mfupa umevunjika kwa jambo dogo, kama kujikwaa au kugeuka kitandani.

Kipimo ninachowapa wazazi ni rahisi. Jeraha la mpira huwa na nafuu inayoonekana ndani ya wiki mbili. Kama wiki mbili zimepita na maumivu yako palepale au yamezidi, mtoto apigwe picha. Kama kuna uvimbe mgumu, usisubiri hata hizo wiki mbili.

Usitegemee kumuona amekonda. Vijana wengi wenye osteosakoma hufika wakiwa na afya njema machoni: wanakula, wana uzito wao, hawana homa. Vipimo vya kawaida vya damu pia vinaweza kuwa safi kabisa. Kipimo cha damu kilicho safi hakimwondolei mtoto shaka ikiwa mfupa unavimba.

Usichue, usichanje

Naheshimu sana mikono ya bibi zetu, na wapo wanaounga mifupa ambao jamii inawategemea. Lakini uvimbe usiojulikana ni jambo jingine. Uvimbe wa saratani umejaa mishipa mipya ya damu iliyo dhaifu. Kuukanda kwa nguvu husababisha kuvuja damu ndani, huongeza maumivu, na mfupa ulioliwa unaweza kuvunjika mikononi mwa anayechua. Kuchanja na kupaka dawa huleta vidonda na maambukizi, na kidonda juu ya uvimbe hufunga milango ya tiba: dawa za saratani hushusha kinga, na daktari hawezi kuzianza salama mguu ukiwa na usaha. Wakati mwingine chale hizo pekee ndizo zinazomnyima mtoto nafasi ya kuokoa mguu.

Kwa hiyo picha itangulie, mambo mengine yafuate. Kama picha inaonyesha mfupa safi na daktari ameridhika, mengine mtajadili nyumbani.

Hospitalini kutakuwa na nini?

Hatua ya kwanza ni eksirei ya kawaida, inayopatikana hata katika hospitali nyingi za wilaya. Ni kipimo cha haraka na gharama yake si kubwa ukilinganisha na vingine. Osteosakoma mara nyingi huacha alama ambazo daktari anazitambua: mfupa ulioliwa upande mmoja na kujengwa ovyo upande mwingine, na utando wa nje ulioinuliwa. Picha ionyeshe kiungo kilicho juu pia, kwa sababu ugonjwa wa nyonga mara nyingine huuma gotini. Na kama picha ya kwanza ilisomwa kuwa safi lakini maumivu yanaendelea, rudi mpigwe nyingine.

Picha ikitia shaka, mtoto hupewa rufaa. Huko atafanyiwa MRI kuona uvimbe umefika wapi, na CT-scan ya kifua kuangalia mapafu. Baada ya hapo ndipo inachukuliwa kinyama kwa uchunguzi wa maabara.

Hapa kwenye kinyama wazazi wengi hukwama. Wamesikia kwamba saratani ikiguswa na kisu hutawanyika. Kinyama kinachochukuliwa na mtaalamu kwa mpango hakiongezi kasi ya saratani, na bila hicho hakuna daktari makini atakayeanza tiba. Lakini hofu hiyo ina chembe ya ukweli. Njia ambayo sindano au kisu kimepita itabidi iondolewe pamoja na uvimbe siku ya upasuaji mkubwa. Ikipitishwa mahali pabaya, mguu ambao ungeokolewa unaweza kulazimika kukatwa. Ndiyo maana kinyama cha mfupa kichukuliwe na timu itakayomfanyia upasuaji, au kwa kushauriana nayo, na baada ya picha zote kupigwa. Mzazi ana haki ya kuuliza: "Ninyi ndio mtakaomfanyia upasuaji?"

Kwa Tanzania, magonjwa haya hushughulikiwa katika hospitali kubwa za rufaa, zikiwemo Muhimbili pamoja na Taasisi ya Mifupa ya MOI, Taasisi ya Saratani Ocean Road, KCMC mjini Moshi na Bugando jijini Mwanza. Daktari wa wilaya yako ndiye atakayeandika rufaa. Familia ikikwama nauli au gharama, iulizie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ya kwanza, kabla haijaamua kurudi nyumbani.

Kwa nini dawa kwanza, kisu baadaye?

Mzazi anayeuona uvimbe unakua hutaka uondolewe leo. Historia inatufundisha kwa nini haitoshi. Kabla ya miaka ya 1970, tiba ya osteosakoma ilikuwa kukata mguu peke yake. Mguu ulikatwa mapema na vizuri, lakini chini ya mgonjwa 1 kati ya 5 ndiye aliyepona. Wengine, saratani ilijitokeza mapafuni ndani ya miezi. Maana yake ni kwamba siku mguu ulipokatwa, tayari kulikuwa na seli chache kifuani, ndogo kiasi cha kutoonekana kwenye picha yoyote.

Dawa za kemikali, ambazo wengi huziita kemo, huzifuata seli hizo kokote ziliko. Kwa kawaida mtoto hupewa dawa kwa wiki kama 10, kisha upasuaji, kisha dawa tena kwa miezi kadhaa. Tiba nzima huchukua miezi kama 7 hadi 9. Uvimbe ukishatolewa, mtaalamu wa maabara hupima ni sehemu gani imekufa kwa dawa. Ukikuta asilimia 90 au zaidi imekufa, hiyo ni dalili njema. Kwa wagonjwa ambao saratani haijaonekana kusambaa, na wanaopata tiba yote, katika nchi zenye huduma kamili 6 hadi 7 kati ya 10 wako hai miaka mitano baadaye. Ikiwa tayari imeonekana mapafuni, nafasi hushuka sana, ingawa hata hapo wapo wanaopona baada ya vivimbe vya mapafuni kuondolewa kwa upasuaji. Tofauti kati ya makundi haya mawili ndiyo thamani ya zile wiki tulizokuwa tukizizungumzia.

Kemo ni ngumu. Nywele hunyonyoka, mtoto hutapika, vidonda hutokea mdomoni. Nywele zitarudi. Kinachohitaji jicho la mzazi ni homa. Mtoto aliye kwenye kemo akipata homa, hata iwe saa nane usiku, apelekwe hospitali muda huohuo, kwa sababu kinga yake iko chini na maambukizi yanaweza kumuua kwa siku moja.

Je, lazima mguu ukatwe?

Hili ndilo swali linalowatorosha watu wodini. Jibu ni hapana, si lazima kwa wote. Uvimbe ukiwa bado haujazingira mishipa mikuu ya damu na fahamu, na misuli ikiwa imesalia ya kutosha, daktari anaweza kutoa sehemu ya mfupa yenye ugonjwa na kuweka chuma maalumu au mfupa mwingine. Inategemea ukubwa wa uvimbe, umri wa mtoto, vifaa vilivyopo na gharama. Wanaofika mapema ndio wenye nafasi ya kuchagua.

Kwa wengine kukata ndiko salama. Najua neno hilo linavyoingia moyoni mwa mzazi. Wapo wanaoomba siku mbili za kushauriana na ukoo, na wanarudi baada ya miezi mitatu mtoto akiwa anakohoa. Kushauriana ni haki ya familia, lakini mje na ukoo huko hospitalini, daktari aongee nao wote kwa pamoja, ili asiwepo mjomba anayeamua akiwa mkoani bila kuiona picha. Ombeni pia kukutana na mtu aliyekwisha kukatwa na anayetembea kwa mguu wa bandia. Dakika 20 na mtu huyo humsaidia kijana kuliko maelezo yangu ya saa nzima.

Na kijana mwenyewe aambiwe ukweli. Mtoto wa miaka 14 anayezinduka kutoka kwenye usingizi wa dawa na kukuta mguu haupo, bila mtu kumweleza kabla, hupoteza imani kwa wote, wazazi na madaktari, na wengine hukataa dawa zilizobaki. Aambiwe kwa lugha yake, apewe nafasi ya kulia, aulize.

Cha kufanya wiki hii

Kama nyumbani kwako yuko kijana ambaye goti, paja, muundi au bega lake linamsumbua kwa zaidi ya wiki mbili, leo jioni mkalishe, mvue suruali au shati, linganisha pande zote mbili. Papasa kwa upole. Muulize kama huamka usiku kwa maumivu, na umuulize akiwa peke yake, kwa sababu wapo wanaoficha wakiogopa kuzuiwa kucheza.

Ukiona au ukisikia chochote kati ya nilivyovitaja, mpeleke hospitali yenye eksirei. Mweleze daktari yalianza lini, yanavyoongezeka, na kwamba yanamwamsha usiku. Ukipewa dawa za maumivu bila picha, uliza kwa heshima kama picha haihitajiki. Picha ukishapewa, itunze bila kuikunja na uende nayo kila unakohamishiwa, kwa sababu daktari wa mbele atataka kulinganisha. Mtoto asichuliwe, na mguu usipigishwe mpira mpaka majibu yatoke.

Walio wengi wenu mtaambiwa kuwa ni jeraha la kawaida, mtarudi nyumbani na mtoto atarudi uwanjani. Gharama ya kujua hivyo ni nauli, foleni na picha moja.